Karatasi Moja kwa Familia

Sifa alikuja kwangu, mtaa wa Songo, mchana wa jua kali, akakaa kwenye ncha ya kiti bila kuegemea, nikajua palepale kwamba amekuja kuomba kitu kigumu. Huyu Sifa ni dada yenu mkubwa, ninyi mnaojiandaa kuanza master ya arshive hapa Uvira. Yumo katika promosheni ya kwanza, darasa la wale waliokubali kusomea kutunza nyaraka, kazi ambayo hata mama zao walishindwa kuwaeleza majirani. Alikunywa chai yote, akaulizia wajukuu, akaulizia goti langu, akaulizia hata paka. Paka sina.

"Mama Riziki," akasema mwishowe, "tumeongea sisi bote. Kwa examen ya mwisho, tunaomba ule mufuko."

Ule mfuko, vijana wangu, ulikuwa chini ya kitanda changu. Ndani yake mlikuwa na rasimu zote za masomo mnayokuja kusoma: karatasi nilizoandika pamoja na mwenzangu wa kazi, marehemu Mashauri, tukifuta, tukigombana, tukiandika upya, mpaka masomo yakapata umbo. Mwandiko wake unalala kulia, wangu unasimama. Na mtihani wa mwisho wa masomo hayo, tuliouweka sisi wenyewe, ni kuharibu nyaraka zisizohitajika tena, kwa utaratibu na kwa heshima. Kwa hiyo mtoto huyu, kwa adabu zote, alikuwa ananiomba nimpe mwandiko wa Mashauri akautie kwenye kinu.

Nilimwambia sukari imekwisha, arudi siku nyingine.

Nitawaeleza mfuko uliishia wapi, na mwishoni nina ombi moja kwenu. Lakini ombi hilo hamtalielewa kama hamjui kwanza habari ya karanga.

Nilifanya kazi miaka yangu yote katika biro moja, ofisi ya serikali, upande wa ziwa, kwenye barabara ya kushukia bandari ya Kalundu. Chumba cha arshive kilikuwa nyuma, ukuta mmoja na choo, maana kila mkubwa aliyekuja aliamini kwamba karatasi za zamani na choo ni ndugu. Ndimo nilimojifunza mambo ambayo bado nawaambia wanafunzi siku ya kwanza. Usiweke boksi chini, hata kwa ule muda mfupi unaokwenda kufungua dirisha, kwa sababu maji ya Uvira hayapigi hodi. Acha nafasi ya kupitisha mkono kati ya rafu na ukuta, hewa itembee na wewe uweze kupapasa kama mchwa wamefika. Toa vibanio vyote vya chuma, hewa ya ziwa inavitia kutu na kutu inakula karatasi. Andika kwa penseli. Na kama umekula ndagala wa kukaanga, nawa kwa sabuni, halafu nawa tena. Ziko dosie, majalada ya watu, ambazo mpaka leo ukizifungua unajua mtunzaji wa zamani alikula nini siku ile.

Nilikipenda chumba kile. Harufu yake nilikuwa nayo kwenye nguo, na marehemu mume wangu alikuwa akisema ameoa kabati. Leo hakipo. Ziwa lilipopanda lilikichukua pamoja na choo, na tulikuwa tumehamisha dosie mapema kwa sababu tulipapasa ukuta tukausikia umelowa. Nikienda Kalundu kununua samaki napita pale, naona maji yametulia juu ya mahali palipokuwa meza yangu, na ninasimama kidogo. Wauza samaki wamezoea, hawaniulizi tena.

Sasa karanga. Wakati huo Mashauri alikuwa ndiyo kwanza amefika kutuongoza sisi watu wa arshive, kijana mwembamba aliyerudi kutoka masomoni na tai shingoni hata siku ya joto. Kabla hajakaa vizuri kitini, mkubwa wa biro aliamuru chumba kipunguzwe. Dosie za zamani zikatolewa zikarundikwa nyuma ya jengo zisubiri gari la taka. Gari la taka, ninyi wenyewe mnajua. Kabla ya wiki kwisha, akina mama wa sokoni walikuwa wamezigundua, na siwalaumu: karatasi ya zamani ni nene, haipenyezi mafuta, inafunga karanga vizuri kuliko gazeti.

Asubuhi moja akaingia mkulima wa mpunga kutoka Bwegera, jina lake Bukuru. Alikuwa amenunua karanga za kula njiani akirudi kwake. Alipofika chini ya ile karatasi iliyokunjwa pembe, akaona jina la baba yake, aliyewahi kuajiriwa na serikali zamani, pamoja na picha yake ndogo ya pasipoti. Akateremka garini, akarudi kwa miguu. Aliiweka karatasi kwenye gishe, ile meza ya kupokelea watu, mbele yangu. Chumvi ilikuwa bado imeshika kwenye uso wa mzee.

"Munamuona uyu?" akasema. "Iko baba yangu. Banamufungiya karanga."

Yeye akaendelea, na sauti yake haikupanda, ndiyo maana iliniuma zaidi.

"Baba alikufa, tukamulilia, tukatosha kilio. Nguo zake tuligawa. Jembe yake iko na mukubwa wangu. Kila kitu ya baba iliaga. Sasa nyinye munamutupa bila kuita benye muntu? Hata kama karatasi iko ya zamani, munaita kwanza benye muntu!"

Kutosha kilio ndiko wengine wanakoita kuanua matanga. Nanyi mmekulia humo, mnajua: familia inakutana, jina la marehemu linatajwa, vitu vyake vinagawiwa, watu wanakunywa, halafu maisha yanaendelea. Kabla ya siku hiyo hugusi sanduku la mtu.

Mashauri alitoka biroani kwake. Nilifikiri atatoa maneno ya kizungu. Badala yake alivuta kiti, akamkalisha Bukuru, akaketi naye, akauliza: "Papa, hii karatasi sasa, unapenda tufanye nayo nini?"

"Minye nabeba," akasema Bukuru.

"Beba," akasema Mashauri. Akaifuta chumvi kwa leso yake, akaitia kwenye bahasha mpya, akampa kwa mikono miwili. Siku hiyohiyo alivua ile tai, sikuiona tena, na jioni aliniambia tutafanya kazi ya kuharibu dosie kama watu wanaoanua matanga, au hatutaifanya kabisa.

Msifikiri tulifaulu mara moja. Tulitangaza makanisani na kwa redio, kwa Kiswahili, kwa Kifuliiru na kwa Kirundi, kwamba dosie za watu fulani zinakwenda kuagwa. Familia zikaja. Majina yakasomwa kwa sauti. Kila familia iliyotaka ikachukua karatasi moja, kama vile mtu anavyopewa shati la marehemu. Hayo yalikwenda vizuri. Lakini zilizobaki tulizichoma saa za alasiri, sisi watu wa Uvira wenyewe, tuliozaliwa na upepo wa ziwa, tukasahau upepo wa ziwa! Karatasi nusu zimeungua zilipaa juu ya mabati, zikateremka mtaa wa Mulongwe. Barua moja ya siri ilitua kwenye sufuria ya maharage ya mama fulani, akatuletea sufuria nzima biroani na kutaka tuyale mbele yake. Mashauri alikula. Alisema yana chumvi ya kutosha.

Baada ya hapo tukahamia kwenye vinu. Unararua, unalowesha kwenye pipa, unatwanga kama unavyotwanga majani ya sombe, mpaka hakuna herufi inayosomeka. Mara ya kwanza tulisahau kutoa pini za stepla, na kila mtu akarudi nyumbani na vidole vinavyovuja damu. Ndiyo maana mtaona katika masomo yenu kuna zoezi refu, la kuchosha kabisa, la kutoa pini. Msininung'unikie. Tope lile tunalifinyanga madonge na vumbi la mbao, tunayaanika juani, yanakuwa makaa. Na chai ya kuagia dosie inachemka juu ya makaa ya dosie zilizotangulia. Hilo la chai lilikuwa wazo langu, nalitaja kwa sababu mengine mengi yalikuwa ya Mashauri.

Miaka ikapita, yeye akahamia kufundisha katika chuo hapa mjini. Siku moja akanijia. Mimi nilikuwa nimekaribia kustaafu, sina diploma kubwa, nina pua tu inayojua unyevu. Akasema: "Ma Riziki, parokia ziko na karatasi, hospitali ziko na karatasi, mashamba yote iko mu karatasi, na hakuna hata mumoja mwenye alisoma namna ya kuzilinda. Tutengeneze master."

"Tutengeneze na nani?"

"Minye na weye."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Tuliandika masomo yenu Kalundu, kwa mama mmoja anayeuza chai na mandazi karibu na gati. Tulipachagua kwa sababu meza yake haikuyumba na, tulidhani, hakuna anayetujua. Wapakuzi wa mizigo walitujua katika siku mbili. Walikuwa wakituona tumeinamia makaratasi wanapiga kelele chini ya magunia: "Bachumba ba makaratasi bamefika!" Mashauri alikuwa anainua kikombe kuwasalimu. Mimi nilikuwa najifanya sisikii, nami moyoni nilifurahi. Hatukuwa wachumba, mke wake Mama Adela ni rafiki yangu na alikuwa anatutumia maparachichi. Lakini niwaambie wazi, kwa kuwa ni mzee na sina wa kumwogopa: saa zile za Kalundu nazitamani kuliko saa nyingine yoyote ya maisha yangu. Ukimpata mtu mkafikiri pamoja, ukianza sentensi yeye akaimalizia vizuri kuliko ulivyokusudia, hilo halirudi mara nyingi.

Tuligombana kila siku. Alikuja na mipango ya masomo ya nchi nyingine, na yote ilianza na historia ya arshive za Ulaya, halafu nadharia, halafu kompyuta, na mwisho kabisa, kama kuna muda, kukutana na karatasi yenyewe na mwenye karatasi. Mimi nilitaka mwanafunzi aanzie gishe. Akae pale muhula mzima, ajibu wajane, ajibu watu wa mashamba, apate hamu ya kujua kwa nini dosie haionekani, ndipo afundishwe nadharia. Alisema chuo si biro. Nilisema kama si biro basi ni nini, kanisa? Mwishowe tulikubaliana nusu kwa nusu: asubuhi darasani, mchana gisheni. Kompyuta nilimwachia. Hapo alisema kweli, ila wale kati yenu wanaojua kompyuta wasije wakadharau nilichokisema juu ya gishe.

Mtihani wa kuingia ni wake. Mtapewa mfuko wa karatasi zilizochanganyika na mtaambiwa: anza kazi. Karibu wote wa promosheni ya kwanza walianza kupanga kwa tarehe, vizuri, kwa mistari. Sifa hakugusa kitu. Aliuliza: "Uu mufuko ulikuwa kwa nani? Nani aliukusanya?" Nilimpa alama zote papo hapo. Karatasi ukiitenga na jirani zake inapoteza nusu ya habari, na ukiisha kupanga huwezi kurudisha vurugu ile iliyokuwa na maana. Haya, nimewapa jibu. Mwaka kesho mfuko utakuwa na mtego mwingine.

Somo la majina ni letu sote. Babu yako alizaliwa na jina la ukoo, akabatizwa akapewa la mtakatifu. Wakati wa Zaire majina ya kizungu yakakatazwa akajitungia jingine. Baadaye la ubatizo likarudi. Mtu mmoja ana dosie tatu, na watoto wake wanahangaika gishe kwa gishe wakiambiwa baba yao hayupo. Zoezi mtalifanya kila mmoja kwa babu yake mwenyewe. Wengi hulia, leteni leso.

Somo la kuaga dosie lilitusumbua. Wakubwa waliokuja kutoka mbali kukagua mpango walifika kwenye jina tulilokuwa tumeandika, Matanga ya Dosie, na bwana mmoja akavua miwani: "Matanga? Huku ni chuo, si kilioni." Mashauri akaomba radhi, akachukua karatasi, akakata jina, akaandika Kifaransa: *Élimination participative*, yaani kuharibu kwa kushirikisha watu. Yaliyo ndani hakugusa hata nukta. Wakalisifu sana, wakasema ndilo la kisasa kuliko yote. Tulipofika barabarani alilazimika kuegemea ukuta kwa kicheko.

Ugomvi mmoja lazima niwape wote, kwa sababu ndio ombi langu linakotoka. Tulikuwa mezani Kalundu, tumefika kwenye kanuni za somo hilo. Tulikwisha andika: karatasi moja kwa familia. Mashauri akaongeza chini yake kwa penseli: na moja kwa aliyeitunza.

"Hapana," nikasema.

"Juu ya nini? Muntu amelinda dosie maisha yake yote. Anaijua kupita hata batoto ba marehemu. Na yeye iko na kilio yake."

"Leo karatasi moja, kesho boksi. Unajua bantu ba biro. Picha za zamani, stempu, sahihi za wakubwa, vyote vitaishia nyumbani kwao. Service, njo sisi bantu ba kazi, haibebe kitu. Hata kimoja."

"Ma Riziki, weye uko mugumu."

"Niko mugumu juu hizi karatasi haziko zangu, na haziko zako."

Alinitazama kidogo, kisha akatoa kifutio mfukoni, akafuta mstari wake taratibu. Karatasi ilibaki na alama ya kijivu pale. "Sawa," akasema, "umeshinda." Niliagiza mandazi mengine kwa furaha.

Na sikukosea, mjue hivyo. Kwa kanuni ile tumeokoa dosie nyingi zisiende majumbani.

Idhini ya kufungua master ilikawia. Ikaja miaka ya vita na mashaka, mnayoijua kama mimi, na siku moja tukakimbia. Tulivuka mpaka wa Kavimvira kwa miguu kuingia Burundi. Mwanangu alibeba sufuria, binti yake akabeba godoro, mimi nilibeba mfuko. "Mama," mwanangu akaniambia katikati ya watu, "tutakula karatasi?" Nilimwambia atazame mbele.

Mashauri alikuwa upande wa pili tayari, Bujumbura, kwa ndugu wa mke wake, mgonjwa. Nilimkuta kitandani, amebaki macho na pua. Salamu zilipokwisha akauliza:

"Mufuko iko wapi?"

"Iko kwangu."

"Unajua haiko yako."

"Najua."

Akatabasamu. "Batoto bakianza," akasema, "uniite. Hata nikiwa mbali, uniite." Alikufa mvua zilipokuwa bado hazijaisha. Barua ya idhini ilitufikia tulipokwisha kurudi Uvira, yeye akabaki kule.

Basi master ikaanza na madawati machache na dirisha lisilofunga. Nilikuwa nimestaafu, wakaniomba nifundishe somo la gishe. Siku ya kwanza nilipoingia darasani nilivuta kiti cha pili bila kufikiri, nikakiweka kando ya changu, nikakigundua, nikakiacha palepale. Wanafunzi hawakuuliza. Nilifundisha mwaka wote na kiti hicho, na kila nilipotamka jambo alilolibuni yeye nilikitazama. Na mfuko ulikuwa nyumbani kwangu chini ya kitanda, mahali ambapo kwa kanuni zetu haukutakiwa kuwa.

Sifa alirudi, na safari hii sukari ilikuwepo. Nikamwambia mfuko atauona, lakini kwanza yeye na wenzake wathibitishe mbele yangu kwamba unastahili kuharibiwa. Nilijua ninachokifanya. Nilitaka washindwe.

Walikaa mbele yangu, nami nikatetea mfuko kwa nguvu zangu zote. Nilisema karatasi hizi zinaonyesha jinsi masomo haya yalivyozaliwa, kwamba historia ya chuo imo humo, kwamba siku moja mtu atauliza. Hoja haikuwa mbaya. Ziko nchi ambako wangezihifadhi. Lakini sikuitoa kama mtunza nyaraka; niliitoa nimeukumbatia mfuko, nao waliona. Sifa akajibu polepole, akiangalia meza. Mpango wa mwisho upo, umesainiwa. Ripoti za vikao zipo, zinaeleza kila uamuzi na sababu yake. Akamalizia: "Mama, njo weye ulitufundisha. Tunaweka karatasi yenye inashuhudia. Hatuweke karatasi yenye inatuliza roho."

Vijana wangu, mnajua uchungu wa kushindwa na maneno yenu wenyewe yaliyosemwa vizuri kuliko mlivyoyasema? Nilitamani Mashauri awe kwenye kile kiti. Niliwapa mfuko.

Walitangaza kama kanuni inavyotaka. Mama Adela alivuka kutoka Bujumbura, amevaa kitenge cha kanisani. Wanafunzi walitoa pini zote, hata moja haikubaki, nilikagua. Makaa yalikuwa yamewaka, chai iko juu. Sifa akasimama akasoma jina kamili la Mashauri, la ubatizo na la ukoo na lile la wakati wa Zaire, yote matatu bila kukosea, na mimi nikasema kwa sauti, maana nilikuwa nimeahidi: "Mashauri, batoto bameanza. Bamefika mwisho hata."

Mama Adela akaletewa rundo achague. Alipekua kwa muda mrefu. Hakusoma, alikuwa anatafuta kitu kingine, na mwishowe akachomoa karatasi yenye duara la kahawia. "Hii iko na chai," akasema. "Alikuwa anarudia nyumbani na harufu ya mandazi, ananiambia ametoka mu réunion." Tulicheka wote, naye akaikunja, akaitia ndani ya kitenge, upande wa moyo.

Rundo lilirudi kwa Sifa. Lilipita mbele yangu, na mkono wangu ukanyooka wenyewe.

"Na minye?" nikauliza.

Sifa akasimama. Alifungua ukurasa wa kanuni ingawa anaujua kwa kichwa.

"Mama," akasema, "weye uko service. Kanuni inasema service haibebe kitu."

Mama Adela akanigeukia akauliza kwa upole nani aliyeandika kanuni kali namna hiyo.

"Minye," nikasema.

Kisha nikainuka, nikamwomba kijana mmoja mchi wake, nikatwanga. Goti langu halikunisaidia, walinishika kiwiko. Mwandiko uliolala kulia na uliosimama ulilowa, ukashikana, ukawa kitu kimoja cha kijivu. Sifa nilimpa alama ya juu kabisa ninayoweza kutoa, na wenzake wote wamefaulu. Nilipofika nyumbani nilivuta kitanda nikafagia pale palipokuwa na mfuko.

Sasa ombi langu. Mpango wa masomo unapitiwa upya kila promosheni inapomaliza, na wanafunzi wanakaa mezani pamoja na walimu. Hilo tuliliweka kwa makusudi. Ninyi ndio mtakaokaa. Pale penye maneno "karatasi moja kwa familia", andikeni chini yake: "na moja kwa aliyeitunza." Wekeni ulinzi mnaoutaka, ichaguliwe mbele ya mashahidi, iandikwe kwenye ripoti, isiwe na picha wala sahihi ya mkubwa. Lakini iwepo. Na msiandike kwamba ni wazo la Mama Riziki, kwa sababu mimi ndiye niliyepinga. Ni la Mashauri, alilitoa Kalundu, kwenye meza isiyoyumba.

Mimi halitanifaa. Kanuni mpya hairudi nyuma, hilo nalo nimewafundisha. Ila mkija kuniuliza, ningechagua ile yenye alama ya kifutio. Niliiona ikiingia kinuni.